PIZA NA NGISI WA MALINDI

Je, wajua kwa nini hapa Malindi Kiitaliano husikika hata sokoni? Mwaka wa 1967 Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa lao la San Marco, baharini karibu na Ngomeni. Baadaye wengi walikuja kutalii, wengine wakahamia kabisa na kufungua mikahawa.

Ukiingia mkahawa wa aina hiyo, usiogope orodha ya vyakula. "Calamari" ni ngisi, "gamberi" ni kamba, na "polpo" ni pweza yule yule wa nyumbani. Piza nayo ni unga wa ngano uliokandwa kwa hamira ukaumuka, ukapakwa nyanya na jibini, kisha ukaokwa upesi katika tanuri lenye moto mkali.

Baba yangu huvua ngisi na kuiuzia mikahawa hiyo, lakini hajaketi humo hata siku moja. Ati humo si mwetu! Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mwenyeji atapona vipi akiishia mlango wa jikoni? Nikipata mshahara wangu wa kwanza, inshallah, nitamketisha baba mezani, aletewe ngisi wake kwenye sahani.