Njia ya Miguu Hukatikia Bondeni

Mgeni anayeingia Kigali akitokea Kampala au Dar es Salaam husifia kwanza usafi, kisha njia za waenda kwa miguu: pana, zimesakafiwa, hazina meza za wachuuzi wala magari yaliyoegeshwa juu yake. Anasema kweli. Ila sisi tunaopanga barabara tuna swali jingine: njia hiyo inamfikisha wapi mtu aliyetoka nyumbani kwake kwa miguu, na inamwachia wapi njiani?

Kigali ni jiji la vilima. Barabara za magari hupita juu ya migongo ya vilima, au huzunguka ubavuni taratibu, kwa kuwa gari haliwezi mwinuko mkali. Mtu wa miguu hana subira ya kuzunguka. Hukata moja kwa moja kutoka kileleni hadi bondeni, kwa vijia vya udongo na ngazi zilizopenya katikati ya nyumba. Kwa hiyo jiji lina mitandao miwili: wa lami, unaochorwa kwenye kila ramani, na wa vijia, unaobeba watoto wa shule na wauza mboga kila alfajiri. Mitandao hiyo hukutana mara nyingi kule chini, mahali ambapo gari limekwisha kushuka mteremko na kushika kasi. Hapo ndipo penye kazi.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua dereva makini, anayetumia sekunde 1 kushtuka na kukanyaga breki, barabara ikiwa kavu. Akiwa kwenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa, gari litasimama baada ya mita 13 hivi. Kwenye 50, mita 28. Kwenye 60 ni zaidi ya mita 36, na kwenye mteremko wa asilimia 8 zinakaribia 40. Sasa mtoto ajitokeze mita 20 mbele. Dereva wa 30 anasimama na nafasi inabaki. Dereva wa 60, gari likimfikia mtoto, bado linakwenda kilomita 55 kwa saa. Ndiyo kwanza breki zimeanza kushika. Ndiyo sababu Azimio la Stockholm la Februari 2020 kuhusu usalama barabarani lilitaka mwendo usizidi 30 mahali ambapo magari na watu wa miguu wanachangamana.

Rwanda haijalala katika hili. Kampeni ya polisi ya Gerayo Amahoro inaendelea tangu 2019, na kamera za barabarani, ambazo watu wameshazibatiza jina la Sofia, zimewafundisha madereva wengi adabu. Tatizo la kamera ni kwamba inalinda pale iliposimama. Wenyeji wanazijua zilipo. Kivuko kilichoinuliwa hadi usawa wa njia ya miguu hakina haja ya kumpiga mtu picha. Dereva atapunguza mwendo kwa kuihurumia springi yake.

Barabara za njia nne zina mtego wao, nao unastahili kutazamwa kwa karibu. Mama amesimama kwenye pundamilia. Gari la njia ya kulia, pengine basi, linasimama kwa heshima zote. Mama anavuka. Lakini basi lile lile limemficha, na pikipiki inayokuja kwa njia ya pili haimwoni mpaka amechomoza mbele ya bodi ya basi. Ustaarabu wa dereva mmoja umemwingiza mama hatarini. Dawa yake haina gharama kubwa: mstari wa kusimamia magari urudishwe mita kadhaa nyuma ya kivuko, kisiwa cha katikati kiwe na nafasi ya mtu kusimama na mzigo wake, na pale inapowezekana njia mbili za upande mmoja zibanwe ziwe moja kabla ya kivuko.

Kisha kuna mitaro. Mvua ya Kigali ikiteremka kilimani huja kwa nguvu, hivyo mitaro ya kando ya barabara lazima iwe mirefu. Lakini mara ngapi kijia kinashuka vizuri, kinafika hatua mbili tu kutoka lami, halafu mtaro unakikata? Watu huweka ubao, au wanaruka. Mwenye mimba haruki, wala mzee mwenye fimbo. Uboreshaji wa mtaa wa Agatare, Nyarugenge, uliofanywa kwa fedha za Benki ya Dunia, ulishughulikia vijia na mitaro pamoja, na ndivyo ipasavyo. Ngazi nazo zinataka reli ya kushika, taa, sehemu ya kupumzikia kila baada ya hatua kumi na kitu, na mfereji mwembamba wa zege ubavuni wa kusukumia tairi za baiskeli.

Kwenye baiskeli, jiji lina mambo mawili yanayopingana. Limefunga barabara ya KN 4 kwa magari tangu 2015, leo inaitwa Imbuga City Walk. Siku za Jumapili zisizo na magari zilianza 2016. Baiskeli za kukodi za Guraride zilikuja 2021, mwaka ambao pia eneo la Biryogo liligeuza mitaa yake kuwa baraza la chai na mishikaki. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, na mabingwa wakahema kwenye mawe ya mlima wa Kimihurura. Wakati huohuo mnyonzi, anayebeba abiria na magunia kwa baiskeli mwaka mzima, haruhusiwi kwenye barabara kuu nyingi za jiji. Sababu inayotolewa ni usalama wake, na haina uongo ndani yake. Lakini kumwondoa mtu barabarani ni njia rahisi mno ya kumlinda. Afadhali apewe njia yake, na mabonde ndiyo yanayofaa zaidi: ni tambarare, na bustani ya Nyandungu, iliyofunguliwa 2022, imeonyesha kwamba njia ya baiskeli inaweza kupita kwenye kinamasi bila kukifukia.

Ningeulizwa pa kuanzia, ningechukua vituo vya basi na malango ya shule yaliyoko mabondeni, nihesabu watu saa ya asubuhi na saa ya jioni, kisha niorodheshe kila mahali njia inapokatika ndani ya mita 500. Mengine yatamalizwa kwa umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi: kusawazisha kijia, kupanga mawe ya ngazi. Kivuko cha barabara kuu hakimalizwi kwa majembe. Hicho kinahitaji mhandisi, saini ya Jiji na fungu lake kwenye bajeti, na ningeomba fungu hilo lipitishwe kabla ya kilomita nyingine ya njia nne.