Ukucha Uliovunjika Una Maneno Yake

Mikono ya mwanamke wa Kalemie haijui siku ya kupumzika. Alfajiri inateka maji, asubuhi inafua nguo, mchana inatwanga sombe, jioni inasonga bukari na kumega matonge yangali ya moto. Kwa walio karibu na ziwa kuna tena ndakala wa kuanika mchangani, kuwageuza na kuwakusanya kabla mvua haijanyesha. Mikono hiyo hiyo ndiyo inayovaa kucha za akriliki siku ya harusi, siku ya kutoa mahari, siku ya Noeli au ya Idi, kisha Jumatatu inarudi kwenye beseni na kwenye mchi ikiwa bado imezivaa. Kuvunjika kwa kucha hizo ni jambo la kutazamiwa, kama jembe linavyotazamiwa kulika. Lakini desturi ya saluni imejengwa yote juu ya siku ya kwanza: bei inatajwa ya kuweka, picha inapigwa ya kuweka, sifa anapewa fundi aliyeweka vizuri. Siku ukucha unapopasuka hakuna neno lililokubaliwa. Mteja anarudi na hasira, au na haya. Fundi anakunja uso, au anatengeneza bure kwa kuogopa maneno ya mtaani. Na wote wawili wanaachana na dukuduku moyoni. Hoja yangu ni kwamba, katika mji wa kazi kama huu, fundi wa kucha apimwe kwa jinsi anavyoupokea ukucha uliovunjika, na kwamba jambo hilo linastahili desturi ya wazi, yenye haki kwa pande zote mbili.

Wapo watakaosema kwamba hayo si mambo ya mila hata kidogo, ni vitu vya wageni vilivyoletwa kwa boti, na kwamba dawa ya ukucha uliovunjika ni kuubandua na kuutupa. Wanaosema hivyo wanasahau mengi ya nyumbani. Watabwa wa ufuko wa kusini wa ziwa walipamba miili yao kwa chale zenye mpangilio maalumu. Neno lao kulemba lilitaja uchanjaji wa michoro hiyo, na baadaye likatumika kwa kuandika, na sikio la Mswahili linasikia ndani yake kuremba na urembo. Waluba nao walisuka nywele kwa namna zilizochukua saa nyingi, na ili kazi hiyo isiharibike usiku walichonga mito ya mbao ya kuegemeza shingo, kichwa kikabaki hewani wakati wa kulala. Mito hiyo leo imo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, inasifiwa kwa uzuri wa uchongaji, lakini kwanza ilikuwa vyombo vya kutunza. Watu waliotengeneza kifaa kizima kwa ajili ya kuzuia msuko usivunjike hawakuona matunzo ya urembo kuwa jambo dogo. Na hata huko zilikotoka kucha za akriliki, mambo yalianza kwa kuvunjika: inasimuliwa kwamba mwaka 1954 daktari wa meno wa Marekani, Fred Slack, alivunjika ukucha akiwa kazini, akajitengenezea wa bandia, na alipokwisha kuuboresha yeye na ndugu yake wakaufanyia biashara. Chanzo cha kazi hii yote ni kutengeneza kilichovunjika. Kupamba kulikuja nyuma.

Ukienda ufukweni asubuhi, baada ya boti za taa kurudi, utawaona wavuvi wameketi na nyavu mapajani. Mwenye wavu uliochanika haanzi kwa kumlaumu aliyeusuka. Anautandaza kwanza, anatafuta umechanika wapi na kwa nini, kwenye mwamba, kwenye fundo lililolegea, au kwenye uzi uliochakaa. Ukucha uliovunjika unataka macho hayo hayo, kwa sababu mahali ulipovunjikia ni ushahidi. Ukipasuka kwenye ncha, kwa mstari ulionyooka, mara nyingi umegongwa: mlango, mchi, kifuniko cha ndoo. Ukifunguka upande mmoja, pale ukucha wa asili unapoachana na nyama ya kidole, pengine ulikuwa mrefu kuliko nguvu zake, au fundi aliulisha tupa mno ubavuni. Zikiachia kucha tatu nne kutoka shinani, tena katika siku chache, basi neno ni la fundi karibu kila mara: hakuondoa mafuta na unyevu vizuri, au aliacha akriliki ikapanda juu ya ngozi, na ngozi haishiki kitu. Na tarehe nayo inasema. Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi. Baada ya wiki tatu, sehemu nene iliyowekwa ili kubeba nguvu imekwisha kusogea mbele, uzito umehamia kwenye ncha, na nyuma kumebaki uwazi mwembamba. Ukucha kama huo ukivunjika wiki ya tano haujavunjwa na mtu. Umevunjwa na siku. Ukivunjika siku ya tatu, hapo kuna swali la kujibiwa.

Ndiyo maana sikubaliani na mafundi wanaodai kila marekebisho yalipwe, wala na wateja wanaodai kila kitu kiwe bure. Mafundi wana sababu nzito. Poda ya akriliki, maji ya kuichanganyia, gundi na asetoni ni mali ya mbali. Huku zinafika kwa boti au kutoka Lubumbashi, na bei yake hufuata dola hata pale mteja anapolipa kwa franga. Muda wa kutengeneza ukucha mmoja nao si mdogo kama watu wanavyodhani, kwa kuwa lazima kuondoa kilicholegea, kusafisha, kukausha, kuweka karatasi ya umbo chini ya ncha, kujaza, kusubiri na kulainisha hadi ufanane na wenzake tisa. Anayefanya hivyo bure mara kwa mara anakula mtaji wake. Lakini mteja naye alilipa kwa kitu kinachokaa, na hana jicho la kujua kama shina lilikaushwa. Haki basi ifuate ushahidi: kilichoachia shinani ndani ya wiki ya kwanza fundi akirudishe bila malipo na bila kukunja uso, kilichogongwa kilipwe kwa bei ya ukucha mmoja iliyotajwa tangu siku ya kuweka, na kilichozeeka kihesabiwe pamoja na kujaza upya. Nimesikia hoja kwamba kutaja bei ya kuvunjika siku ya kwanza ni kuleta nuksi, kwamba mteja ataona fundi haamini kazi yake. Mshonaji anayekukatia kitambaa cha ziada pindoni anajua kiuno hubadilika, na hakuna anayemwona mnuksi.

Hoja ngumu zaidi ni hii: ikiwa mikono ya Kalemie ni ya kazi, kwa nini zisiwekwe kucha zisizovunjika? Vitu vya namna hiyo vipo. Akriliki ya kucha hutokana na poda inayochanganywa na maji yenye harufu kali, na maji hayo yanaweza kuwa ya jamii mbili. Ya kawaida huitwa ethili metakrilati. Nyingine ni methili metakrilati, ambayo ni rahisi kwa bei, hushika kama saruji, na haitaki kuyeyuka hata ukiiloweka kwenye asetoni muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliziondoa sokoni bidhaa za kucha zilizokuwa na methili metakrilati tupu, baada ya malalamiko ya watu kuumia vidole. Sababu inaeleweka vizuri ukifikiria mchi. Mkono ukiteleza na ncha ya ukucha kujikwaa, nguvu ile lazima iende mahali. Kama akriliki ni laini kiasi, inapasuka yenyewe na kidole kinabaki kizima. Kama ni ngumu kupita ukucha wa asili, yenyewe haipasuki. Inang’oa ukucha wa Mungu kutoka kwenye nyama yake. Mwanamke anayejisifu kwamba kucha zake hazijawahi kuvunjika miezi miwili ya kufua na kutwanga yuko kwenye hatari ambayo rafiki yake mwenye kucha za kupasuka hana. Fundi mwema huweka kitu kitakachoshindwa kabla ya kidole kushindwa, kisha hukubali kukitengeneza. Na dalili za kuitambua ile mbaya hazihitaji maabara: harufu kali isiyo ya kawaida, ugumu wa kupita kiasi, na ukaidi mbele ya asetoni.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi huifuata bila kuuliza mtu, nayo ni gundi. Ukucha ukiinuka kidogo, tone la gundi kali linapenyezwa chini yake na unabanwa hadi ukamatane. Kwa mchana mmoja wa sherehe siwezi kumlaumu mtu. Kwa wiki mbili za beseni na ziwa, ni kosa. Chini ya akriliki iliyoinuka huingia maji, na gundi inapofunga mlango maji yanabaki ndani pamoja na vijidudu vyake. Doa la kijani linaloonekana baadaye husababishwa na bakteria anayependa unyevu, na watu hulidhania kuvu au uchafu wa rangi ya verni, wakalifunika kwa rangi nzito zaidi. Hapo fundi anapaswa kuwa na ujasiri wa kukataa pesa: aondoe kila kitu, asafishe, aache kidole kikauke na kipumue, na kama kuna maumivu, usaha au uvimbe ampeleke mteja kwenye kituo cha afya. Vivyo hivyo ukucha ukivunjika hadi damu ikatoka. Kidonda hakifunikwi kwa akriliki, hata harusi iwe kesho. Maji ya akriliki yakigusa nyama mbichi huchoma, na yakigusa ngozi mara nyingi yanaweza kumwachia mtu mzio wa maisha yake yote.

Mji wetu unakijua kipindupindu vizuri mno kiasi kwamba habari ya mikono haiwezi kuwa ya urembo peke yake. Anayekula bukari kwa mkono wenye ufa chini ya ukucha anabeba mdomoni yale yaliyomo ndani ya ufa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa usafi wa mikono wa mwaka 2009, linawataka wahudumu wa afya wanaogusa wagonjwa wasivae kabisa kucha za bandia. Muuguzi anayekuja saluni akiwa na ukucha uliovunjika anahitaji basi kuondolewa zote kumi kwa upole, jambo ambalo nalo ni ufundi: kupunguza kwa tupa, kuloweka, kusubiri robo saa au zaidi, wala si kung’oa kwa ncha ya mkasi. Mwanamke Mwislamu anayefikiria udhu wake, kwa kuwa maji hayaupati ukucha uliofunikwa, ana haja hiyo hiyo, na wengi wao hubaki na hina kwa sababu hiyo. Kuna watakaouliza kama fundi hajiharibii biashara kwa kuondoa. Ukweli ni kwamba mteja aliyeondolewa bila kuumizwa hurudi siku nyingine. Aliyeng’olewa hukaa miezi sita akisubiri ukucha wake ukue upya kutoka shinani, na kila anayeuona mkono huo huuliza ni nani aliyeufanya hivyo.

Akriliki ina neema moja katika mji wenye umeme wa kukatika: hukauka yenyewe hewani, haingoji taa kama jeli. Fundi wa Kalemie anaweza kuujaza ukucha uliovunjika akiwa kibarazani, mchana, stima iwepo isiwepo, na kibarazani ni pazuri zaidi kuliko chumba kilichofungwa kwa sababu ya ile harufu. Mahali hapo pa wazi panaruhusu pia mazungumzo ambayo kazi hii haiwezi kwenda bila hayo. “Yaya, mikono hii inafanya kazi gani?” ni swali la kuulizwa kabla ya “Unataka rangi gani?” Muuza samaki, mama wa mtoto mchanga na karani wa ofisi hawawezi kuvaa urefu mmoja. Kadiri ukucha unavyotokeza mbele ndivyo kila mgongano unavyolikandamiza shina kwa nguvu zaidi, kama nyenzo inavyong’oa jiwe. Mmoja ukishavunjika kwa urefu, ushauri wa kweli ni kuzishusha zote kumi zilingane na uliovunjika badala ya kuurefusha huo ufuate wenzake. Wateja wengi hawapendi kusikia hivyo, hasa wakiwa wamelipia urefu. Asiyetaka asilazimishwe, aambiwe tu kwamba bei ya ukucha mmoja itamngoja pale pale.

Kwa wanafunzi wa kazi hii, wasichana na wavulana pia, ningependa mafunzo yageuzwe. Sasa hivi mwanafunzi huanza kwa kupaka rangi, kisha kubandika, na kutengeneza hujifunza kwa bahati, mteja mwenye hasira akiwa mbele yake. Aanze na vidole vya kuondoa, afuatie vya kutengeneza, na vya kuweka aachiwe mwisho, akiwa amekwisha kuona kwa macho yake kazi mbaya inavyofunguka. Na awe na daftari. Ukurasa wa kila mteja uwe na siku aliyowekewa, urefu, kazi ya mikono yake, siku ukucha ulipovunjika, kidole gani, na mahali gani: nchani, ubavuni au shinani. Baada ya miezi michache daftari hilo litamwonyesha fundi kama ni kidole cha shahada cha mkono wa kulia cha wauza samaki wote kinachoachia, au kama ni kucha za siku ile alipobadilisha chupa.