Umebadilisha mashine? Cheti cha zamani hakikulindi

Msimu wa mavuno ukifika, foleni kwenye mashine za kusaga nafaka huwa ndefu, na kila mwenye mashine hutafuta namna ya kusaga magunia mengi zaidi kwa siku. Njia ya mkato ni kumwita fundi afunge puli kubwa zaidi kwenye mota ili kinu kizunguke kwa kasi. Gharama ni ndogo na matokeo huonekana siku hiyo hiyo. Lakini cheti cha ukaguzi kilichobandikwa ukutani kinahusu mashine ya awali, si hii iliyobadilishwa.

Tupige hesabu. Ukiondoa puli ya mota yenye kipenyo cha milimita 150 na kufunga ya milimita 200, kasi ya kinu huongezeka kwa theluthi moja. Hata hivyo, nguvu inayozivuta nyundo kwenda nje huongezeka kwa takriban asilimia 78, kwa sababu hufuata mraba wa kasi. Pini, beringi na shafti vilivyotengenezwa kwa kasi ya zamani sasa vinabeba karibu mara mbili. Pini iliyochakaa ikikatika, nyundo inaweza kupasua kinu huku wateja wamesimama hatua chache tu.

Aidha, mara nyingi puli kubwa haiingii ndani ya kinga ya mkanda, hivyo kinga hutolewa na kuwekwa kando. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe. Pindo la khanga likinaswa na mkanda, hakuna muda wa kuzima swichi.

Kibiashara, ajali ikitokea kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa ikiwa haikuarifiwa mabadiliko hayo. Matibabu, fidia na mashine mpya vitatoka mfukoni mwa mmiliki. Faida ya msimu mmoja haitoshi kulipia hasara hiyo.

Kabla ya kubadilisha chochote, soma kibao cha mashine kinachoonyesha kasi ya juu inayoruhusiwa. Ukishabadilisha, omba ukaguzi upya OSHA kabla ya kupokea wateja, na uandike kilichobadilishwa na tarehe yake. Nawe unayenunua mashine iliyotumika, usiridhike na cheti pekee: uliza nini kimebadilishwa tangu kitolewe.