Alama za Jalada

Majuzi nilisahihisha ripoti mbili za wanafunzi, zote tafiti za kisa kimoja: wachimbaji dhahabu wa Rosterman, hapa Kakamega, ambako mgodi wa enzi ya ukoloni ulifungwa mwaka 1952 na wenyeji wangali wakichimba kwa mikono.

Ya kwanza ilipambwa kama bibi harusi: jalada gumu, kurasa tele za nadharia. Lakini ungefuta Rosterman na kuandika Migori, pasingeharibika kitu. Ya pili ilijaa makosa ya sarufi. Hata hivyo, mwandishi wake aliketi na akina mama wanaoponda mawe, akaona zebaki ikikorogwa kwa mikono mitupu, tena akakiri kuwa maelezo ya wachimbaji na ya wanunuzi hayakuafikiana. Wala hakudai kwamba Rosterman yaisemea Kenya nzima.

Nani alipata alama nyingi? Wa kwanza! Mwongozo wetu wa usahihishaji ulitoa alama kumi kwa mpangilio, tano kwa ushahidi wa nyanjani. Nami, walimu wenzangu, niliufuata kama kondoo.

Nimemwandikia mkuu wa idara nikiomba ripoti zote mbili zisahihishwe upya. Bado sijajibiwa.