Nambari za magari ya filamu na siri ya vibao vya Mombasa

WAPENZI wa filamu huyakumbuka magari ya waigizaji mashuhuri kwa rangi na mwendo, lakini wapo wanaoyakumbuka kwa nambari za usajili. Katika sinema, kibao hicho kidogo huteuliwa makusudi ili kimpe mtazamaji habari fulani. Katika barabara za Likoni, Kisauni na Changamwe, mjini Mombasa, kibao vilevile kina habari zake, na asiyejua kukisoma huenda akalipa fedha nyingi kwa gari asilolifahamu.

Mfano mashuhuri zaidi ni gari la jasusi James Bond. Katika filamu ya Goldfinger iliyotolewa mwaka 1964, Bond aliendesha Aston Martin DB5 lenye nambari BMT 216A. Gari hilo lilikuwa na kibao kinachozunguka, na kwa kubonyeza kitufe tu jasusi aliweza kubadilisha nambari ya Uingereza ikawa ya Ufaransa au ya Uswisi.

Herufi A iliyo mwishoni haikuwa pambo. Uingereza ilianza kutumia herufi ya mwisho kuonyesha mwaka wa usajili, na A ilikuwa ya mwaka 1963. Aliyeuelewa utaratibu huo alitambua mara moja kwamba jasusi alikuwa ndani ya gari jipya.

Filamu nyingine zimeugeuza utani kuwa nambari. Gari aina ya DeLorean katika Back to the Future ya mwaka 1985 lilikuwa na kibao kilichoandikwa OUTATIME, maneno ya Kiingereza yanayomaanisha kuishiwa na wakati, kwa kuwa gari lenyewe lilisafiri kutoka wakati mmoja hadi mwingine. Katika Ghostbusters ya mwaka 1984, gari la wawindaji wa mizimu lilibandikwa ECTO-1. Nalo gari lenye akili katika mfululizo wa televisheni wa Knight Rider, ulioanza mwaka 1982, lilikuwa na neno KNIGHT pekee.

Herbie, Volkswagen ndogo iliyojiendesha yenyewe katika The Love Bug ya mwaka 1968, ilijulikana kwa nambari OFP 857. Hata hivyo, Herbie hakuwa gari moja. Watengenezaji wa filamu walitumia magari kadhaa yaliyofanana, yote yakiwa na nambari hiyohiyo, ili moja likiharibika jingine lishike nafasi yake.

Jambo linalokubalika mbele ya kamera ni kosa barabarani. Magari mawili yenye nambari moja, au gari moja lenye vibao vya kubadilisha kama la Bond, ni ishara ya wizi au ulaghai. Nchini Kenya, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hutaka kila gari lionyeshe nambari yake mbele na nyuma. Kibao cha mbele cha gari la kawaida ni cheupe na cha nyuma ni cha manjano, vyote vikiwa na maandishi meusi.

Je, nambari hizo husomwaje?

Herufi ya kwanza, K, ni ya Kenya. Hadi mwaka 1989, magari yalipewa herufi tatu na tarakimu zisizozidi tatu, bila herufi mwishoni. Mfululizo huo ulipofika ukingoni, mwaka huohuo wa 1989 ukaanza mpya wa KAA 001A. Kwa hivyo, filamu inayodai kusimulia kisa cha Mombasa ya miaka ya sabini, kisha ikaonyesha gari lenye herufi mwishoni mwa nambari, imekosea.

Tofauti na ilivyokuwa Uingereza, herufi ya mwisho ya nambari ya Kenya haitaji mwaka. Ni ya kuhesabia tu. KAA 999A ikishatolewa, hufuata KAA 001B, na kadhalika hadi KAA 999Z, kisha KAB 001A. Herufi I na O hurukwa kwa sababu hufanana na tarakimu 1 na 0. Hivyo basi, kila kundi la herufi tatu, mathalani KAB, lina nafasi 23,976, na safari nzima ya kutoka KAA hadi KAZ ina nafasi zisizozidi 575,424.

Hesabu hiyo hudhihirisha jinsi magari yalivyoongezeka nchini. Safari ya kutoka KAA hadi KAZ ilichukua takriban miaka 18, kwani KBA ilianza mwaka 2007. KCA ilifuata mwaka 2014, miaka saba tu baadaye, na KDA mwaka 2020.

Mtu akisimama Changamwe, kwenye njia ya malori yanayotoka bandari ya Kilindini, hujifunza mengi zaidi. Malori ya Uganda yana nambari zinazoanza kwa U na yale ya Rwanda kwa R. Upande wa Likoni, kwenye barabara ya kuelekea mpaka wa Lunga Lunga, nambari inayoanza kwa T hutambulisha gari la Tanzania. Herufi GK ni za magari ya Serikali ya Kenya. Huko Kisauni, ambako pikipiki na tuktuk hubeba abiria mchana kutwa, zipo nambari zenye herufi nne mwanzoni: za pikipiki huanza kwa KM na za tuktuk kwa KTW.

Hata hivyo, somo lililo muhimu zaidi linawahusu wanunuzi wa magari. Mombasa ndilo lango la magari yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani, na kanuni za Kenya huruhusu gari lisilozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Gari hilo hupewa nambari ya Kenya baada ya kuwasili, wala si lilipotoka kiwandani.

Tuchukue magari mawili. La kwanza lilitengenezwa Japani mwaka 2013, likatumika huko kwa miaka kadhaa, kisha likaletwa Kenya mwaka 2020 na kupewa nambari ya KDA. La pili lilinunuliwa hapa nchini mwishoni mwa mwaka 2014 likiwa jipya kabisa, likapewa KCA. Sokoni, wengi wataliona la KDA kuwa changa na kulitolea bei kubwa, ilhali ndilo kongwe kwa mwaka mmoja. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kwa hivyo, mnunuzi hana budi kutazama mwaka wa kutengenezwa ulioandikwa kwenye cheti cha umiliki, na kulinganisha nambari ya chesisi iliyo katika cheti hicho na ile iliyochongwa kwenye gari lenyewe. Vilevile, anaweza kutafuta rekodi za gari kupitia huduma za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) katika mtandao wa eCitizen, ili ajue mmiliki halisi ni nani kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwa miaka mingi vibao vya Kenya vimekuwa vikitengenezwa na wafungwa katika gereza la Kamiti. Mnamo Agosti 2022, serikali ilizindua vibao vipya vyenye alama za usalama zilizokusudiwa kuwa ngumu kuigwa. Lengo lilikuwa kuwazuia wahalifu kufanya lile alilofanya Bond kwa kitufe.

Hata gari la Bond halikunusurika. Aston Martin mojawapo iliyotumika katika Goldfinger iliibwa mwaka 1997 kutoka banda la ndege katika jimbo la Florida, Marekani. Gari lenye nambari inayojulikana kote ulimwenguni lilitoweka usiku mmoja. Naye mnunuzi wa Changamwe au Kisauni, ambaye gari lake halijulikani na yeyote, ana sababu kubwa zaidi ya kutoridhika na kibao pekee.