Jiko la mkaa kwenye chumba cha vanishi

Kila kipupwe kinapoingia swali la mafundi wa Mbinga huwa lilelile: kichumba cha kupigia rangi kiko uani, vanishi haikauki, je, kuna ubaya kuingiza jiko la mkaa na kufunga mlango? Fundi wa Mbamba Bay haulizi hivyo. Kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, baridi ya Julai si ya kuwashia jiko. Kwenye milima ya Umatengo, iliko Mbinga, mlango unafungwa kwa baridi, na pia kwa vumbi la kiangazi linalonata kwenye vanishi mbichi.

Ubaya upo, tena mkubwa. Naambiwa kila mwaka kwamba mkaa ukishakolea na moshi kwisha, jiko ni salama. Si kweli hata kidogo! Ndani ya makaa mekundu hewa ya ukaa hukutana na kaboni yenye moto mkali, ikageuka kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikifika mapafuni hung'ang'ania himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo hata kiasi kidogo tu hewani kinatosha kuipokonya nafasi. Kisha hata oksijeni iliyofanikiwa kupanda hushikiliwa kwa nguvu zaidi, haishuki kwenye ubongo na moyo. Mtu anapumua vizuri huku viungo vyake vinakosa hewa. Damu hubaki nyekundu, na kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni hushindwa kutofautisha gesi hiyo na oksijeni: kinaweza kusoma asilimia 98 kwa mgonjwa aliye mahututi. Kwenye hewa ya kawaida mwili huchukua saa 4 hadi 6 kuipunguza gesi hiyo kwa nusu. Kwa oksijeni ya hospitali, kama saa moja na nusu.

Halafu mtu anakuja na maziwa, eti ndiyo dawa. Maziwa huenda tumboni. Gesi imeshikamana na damu. Kumnywesha aliyelegea ni kumpalia. Beseni la maji kando ya jiko nalo halisaidii, maana gesi hii haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana. Na anayewauzia mafundi unga wa "kusafisha mapafu" anawaibia pesa na muda wa kufika hospitali.

Thina ya kuzimulia vanishi nayo ni hatari: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko. Tolueni iliyomo kwenye thina nyingi hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye nyuzijoto 5.

Basi piga rangi mchana, mlango na dirisha wazi, sakafu umeinyunyizia maji. Rangi ikiwa nzito, legeza kifuniko uweke kopo kwenye maji ya vuguvugu yaliyochemshwa mbali. Vaa sweta. Kichwa kikiuma, toka. Ukimkuta mwenzako ameanguka, fungua mlango, mvute nje, mpeleke hospitali, na uwaambie wauguzi kwamba ndani kulikuwa na jiko, kwa sababu kipimo cha kidoleni hakitawaambia.