Vita vya mezani: mchezo wa kumfundisha mtoto historia ya Maniema

Nani kati yetu hajaona watoto wakicheza vita ndani ya lupango? Fimbo inakuwa bunduki, shina la mwembe linakuwa ngome. Mama mmoja anakataza mara moja, kwa sababu hapa Kindu vita si hadithi. Mwingine anawaacha, mradi hawaumizani. Juma hili tuangalie njia ya tatu: kukaa pamoja nao na kuufanya mchezo huo uwe somo.

Mchezo wenyewe

Huko Ulaya na Marekani, watu wazima wanakusanyika katika vikundi kucheza vita vya zamani juu ya meza. Wanatumia sanamu ndogo za risasi au plastiki, nyingi zenye urefu wa karibu sentimita tatu, walizozipaka rangi wenyewe. Meza inakuwa nchi, yenye mto, msitu na kijiji. Kila mmoja anasogeza watu wake kwa zamu, akipima mwendo kwa rula. Akitaka kupiga risasi, dadu ndiyo inayosema kama amepata au amekosa. Mwamuzi anasimamia kanuni. Ni kama wazee wanavyocheza dame kwa vizibo vya chupa, lakini huu unafuata vita vilivyotokea kweli, kwa hiyo wachezaji wanasoma historia kwanza.

Mwanzo wake ulikuwa wa kijeshi. Mwaka 1824 afisa wa Prussia, von Reisswitz, alitoa mchezo wa kufundishia maafisa. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells akaandika kanuni za kucheza nyumbani na askari wa bandia. Yeye alichukia vita vya kweli, akaona hivi vidogo vya sakafuni ni afadhali sana. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya kwanza ikaanza.

Historia yetu juu ya meza zao

Jambo linalotuhusu sisi ni hili. Mwaka 2016 Studio Tomahawk ya Ufaransa ilichapisha mchezo wa namna hiyo unaoitwa Congo. Unahusu karne ya 19: misafara ya Wazungu, Wazanzibari, falme za Kiafrika na watu wa msituni. Nchi hiyo ni yetu, na Maniema ilikuwa katikati ya mambo hayo.

Tunajua kilichotokea. Kuanzia 1892 mpaka 1894 majeshi ya Leopold yalipigana na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kando ya Lualaba. Nyangwe ilichukuliwa mwezi wa tatu 1893, Kasongo mwezi wa nne. Vitabu vinaviita vita vya Wabelgiji na Waarabu, lakini wengi wa waliopigana na kufa pande zote mbili walikuwa Waafrika. Mkuu Gongo Lutete aliwaacha Waarabu akajiunga na Wabelgiji. Mwaka 1893 hao hao Wabelgiji wakamuua.

Kabla ya hapo kuna siku ambayo kila mama wa Maniema angepaswa kuijua: tarehe 15 Julai 1871, soko la Nyangwe. Wamama wengi walikuwa wamevuka mto na bidhaa zao. David Livingstone alikuwepo, akakadiria watu wapatao 1,500 sokoni. Watu wenye bunduki wakaingia. Mmoja wao akagombania bei ya kuku, kisha risasi zikaanza. Watu wakakimbilia mitumbwi, ikajaa, wengi wakazama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari hiyo ilipofika Uingereza ilileta hasira kubwa, na ikasaidia kufungwa kwa soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873.

Juu ya meza za vita, sanamu nyingi ni za wenye silaha. Anayeandika kanuni ndiye anayeamua nani anahesabiwa. Basi kanuni za nyumbani kwetu tuziandike sisi.

Jaribuni hivi

Tandika kitambaa cha buluu chini: huo ni Lualaba. Weka punje 30 za mahindi ng'ambo moja. Kila punje ni mama wa soko. Maboksi matatu ya kiberiti ni mitumbwi, kila mmoja unabeba punje tatu tu. Watoto wanacheza pamoja, upande mmoja. Wanarusha dadu kuona mtumbwi unakwenda vidole vingapi, kwenda na kurudi. Wewe mama ndiwe mwamuzi: kila baada ya zamu unaondoa punje mbili zilizobaki sokoni. Baada ya zamu kumi, hesabuni waliovuka. Mtoto ataelewa mwenyewe kwa nini mitumbwi ilizama.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, adui asiitwe kwa jina la kabila lolote. Kasuku, Mikelenge na Alunguli tunaishi makabila mengi pamoja, na neno la mchezoni linafika shuleni kesho yake. La pili, mtoto aliyeona vita kwa macho yake asilazimishwe. Akinyamaza au akitetemeka, acheni mchezo, mkae naye karibu. Akitaka kusema, msikilize mpaka amalize.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Watoto wetu wanajua nini kuhusu Nyangwe na Kasongo, na walisikia kwa nani?
2. Ni bibi au babu gani katika mtaa wetu anayeweza kuwasimulia habari za zamani?
3. Mtoto akicheza vita, huwa tunamuuliza nani alibaki bila chakula, bila nyumba, bila mama?

Swali hilo la tatu, tuanze nalo nyumbani leo jioni.